Duara Kwenye Vumbi la Kabati

Kamishna hakuwa kamishna wa kitu chochote kinachotambuliwa na serikali. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mchezaji wa akiba wa Timu ya Kijani, na cheo chake alikipata bwenini mwaka uliopita, alipomfichua mtu aliyekuwa akichota sukari ya wenzake na kuongezea chumvi ili mkebe usipungue. Tangu siku hiyo watu walimpisha kwenye foleni ya bafu. Wengine walimpisha kwa heshima. Wengine walikuwa na mambo yao ya kuficha.

Asubuhi hiyo ya siku ya fainali alikuwa amesimama mbele ya meza ya majaji, mikono nyuma, uso umekazwa kama wa mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Mashindano ya kimataifa ya historia kwa shule za sekondari yalikuwa yamefika mahali ambapo hakuna aliyetaka yafike. Kulikuwa na mtuhumiwa, na mtuhumiwa alikuwa mtoto wa mama yake mdogo.

Walimwita Kobe. Walikua nyumba moja, walioga beseni moja, na katika miaka yote hiyo Kamishna hakuwahi kumwona akiharakisha jambo. Alikula taratibu, akafunga kamba za viatu taratibu, akacheka mzaha wakati wenzake wameshausahau. Kilichomwingiza kwenye timu ni kwamba alisoma kila kilichoandikwa. Ukimweka mezani atasoma pakiti ya chumvi. Ukimweka ukutani atasoma maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto, mpaka jina la kiwanda. Na alichosoma hakikutoka.

Jana, katika nusu fainali, swali la mwisho lilikuwa la picha. Ukutani ilitokea picha ya chombo cha udongo chenye mkono wa kushikia, na swali likauliza kilitumika kupima nini. Kabla msomaji hajamaliza kuvuta pumzi, king'ora kililia, na aliyekuwa amebonyeza kitufe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiwa wa kwanza, alikuwa Kobe. Akasema chombo kile ni saa ya maji, kilipima wakati. Karatasi ya majibu ikakubali. Wakijani wakawashinda Wekundu kwa swali hilo hilo moja, ukumbi ukalipuka, na Kobe akabebwa juu juu kama godoro linalohamishwa.

Usiku haujaingia vizuri, malalamiko yakafika.

Kocha wa Wekundu alitoka nchi ya mbali na alizungumza kupitia mkalimani, kijana mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Kocha aliongea kwa kirefu, akapiga meza, akaonyesha dari, akajishika kifua. Mkalimani akasubiri amalize, kisha akasema, "Anasema hajaridhika."

Hoja yake, ilipotafsiriwa kwa ukamilifu, ilikuwa nzito. Chombo kile si saa. Ni kipimo cha nafaka. Mdomo wake umelingana kote ili watu wapitishe kijiti juu yake kusawazisha nafaka. Majaji wengine wawili walioonyeshwa picha walisema hivyo hivyo. Kwa hiyo karatasi ya majibu, iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa kwenye chumba cha maswali, ilikuwa imekosea. Na mtoto mmoja tu alikuwa amekosea vilevile. Tena mfagiaji wa korido alimwona mtoto huyo, zaidi ya mara moja, amesimama peke yake karibu na mlango wa chumba hicho.

Jaji Mkuu, mama wa miwani minene aliyeweka faili lake na kiwiko chake juu ya kitambaa cha meza cha mirabamiraba ya buluu, alilieleza jambo lenyewe bila kupandisha sauti.

"Kujua jibu sahihi si kosa," alisema. "Kukosea kama karatasi ilivyokosea, hilo ndilo ninalotaka kuelezwa."

Kanuni ziliiruhusu timu inayotuhumiwa kumteua mtetezi kutoka miongoni mwake. Wakijani walimteua Kamishna, kwa sababu ya ile sukari, na kwa sababu wengine wote walitakiwa kufanya mazoezi ya fainali. Jaji Mkuu alimpa mpaka kengele ya chakula cha mchana. Baada ya hapo barua ingekwenda shuleni kwao, na shule yao haikuwa na mzaha na udanganyifu wa mtihani. Kobe angefungasha godoro na sanduku, na timu nzima ingerudishwa nyumbani pamoja naye.

Kamishna alianza na mtuhumiwa. Alimkalisha kwenye benchi nje ya bweni la wageni, akabaki amesimama, maana alikuwa amesikia kwamba mpelelezi hakai.

"Nani alikuambia ni saa ya maji?"

"Hakuna."

"Uliisoma wapi?"

Kobe akafikiri. Mtu angeweza kuchemsha chai, akainywa na kuosha kikombe. "Sikumbuki, dada. Nilijua tu."

"Majaji hawataki 'nilijua tu'. Kila mwizi wa mtihani alijua tu."

"Wewe unakumbuka ulijifunza wapi kwamba wiki ina siku saba?"

Lilikuwa jibu zuri na halikuwa na msaada wowote. Alimuuliza kuhusu korido. Kobe akakubali kwamba husimama pale. Husimama kila siku. Akaulizwa anafanya nini, akasema anasubiri chakula. Kamishna aliandika kichwani kwamba jumba la kulia liko upande mwingine kabisa wa korido, na hakupenda alichokiandika.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakulitangaza. Wenzake walipokuwa mazoezini, aliingia bwenini akapekua mabegi. Alianza na la Nahodha wa timu, dada mrefu wa kidato cha nne ambaye tangu asubuhi alikuwa akilikumbatia begi lake kama mtoto mchanga na kukataa kubebewa. Ndani, chini ya sketi, palikuwa na bahasha nene. Kamishna akaifungua. Bahasha ilikuwa imejaa biskuti, na kila biskuti ilikuwa imeng'atwa kidogo pembeni ili asitokee wa kuiomba. Akairudisha mahali pake na kuliondoa jina la Nahodha kwenye orodha ya wahalifu, akiliacha kwenye orodha ya wachoyo.

Halafu akapekua na begi la Kobe. Hakupata kitu. Akazikunja nguo zake, akatoka.

Mtu wa pili kuhojiwa alikuwa Mtunzi wa Maswali mwenyewe, bwana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Kamishna alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa uchangamfu usiolingana na hali ya hewa. Kamishna alitarajia kumkuta amekasirika. Ni karatasi yake iliyokuwa inasemwa imekosea na kuibwa kwa pamoja. Badala yake Mtunzi alivuta kiti, akampa pipi, na kuanza kumsaidia kabla hajaombwa.

Alimweleza kwamba njia ya kumwokoa ndugu yake ni nyepesi. Aseme tu kwamba karatasi haijakosea. Kama jibu ni sahihi, basi mtoto alijibu sahihi, na mtu hafungwi kwa kusema kweli. Yeye Mtunzi angesimama upande wao mpaka mwisho. Wale majaji wawili ni wataalamu wa vita, wanajua nini kuhusu vyombo.

"Jibu ulilitoa wapi, mwalimu?" Kamishna aliuliza.

"Kwenye kitabu. Kitabu kikubwa sana."

"Naweza kukiona?"

"Nimekiacha nyumbani."

"Kinaitwaje?"

Mtunzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema jina limemtoka, vitabu ni vingi, uzee huo. Hakuwa mzee. Kamishna alimshukuru, akaiweka pipi mfukoni bila kuila, akatoka akiwa na swali ambalo hakuwa nalo alipoingia. Mtu anayesingiziwa kosa hukimbilia kitabu chake. Huyu alikuwa anamkimbilia mtetezi wa mshtakiwa.

Nje alimkuta Nahodha anamsubiri, begi begani. Nahodha naye alikuwa na ushauri, na ulifanana na ule wa Mtunzi kama pacha. Tetea karatasi. Karatasi ikisimama, alama zinasimama, tunaingia fainali. "Usituletee upelelezi, Kamishna," alisema. "Tuletee ushindi." Kamishna akamwambia atalifikiria, na kwamba ana makombo ya biskuti kwenye kola. Nahodha akajipangusa, halafu akatoa macho.

Saa ilikuwa inakwenda. Kamishna akaamua kufanya kile ambacho angepaswa kukifanya mwanzo, yaani kuwa Kobe. Alikwenda kwenye mlango wa jumba la kulia na kujipanga kwenye foleni isiyokuwapo. Kisha akawaza: wenye njaa wako mbele, wenye mbio wako mbele, wenye viwiko wako mbele. Nyuma yao wapole. Nyuma ya wapole, Kobe. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akiwahesabia nafasi wanafunzi wa mashindano yote, akapita mlango wa stoo, akapita ngazi, akakunja kona, akaendelea, mpaka mgongo wake ukagusa kioo.

Mkia wa foleni uliishia pale. Kushoto palikuwa na mlango wa chumba cha maswali. Nyuma yake palikuwa na kabati la kioo.

Kobe hakuwa amedanganya. Alisimama pale akisubiri chakula, kila siku, kila mlo, na mbele ya macho yake palikuwa na maandishi.

Kabati lilikuwa na mifano ya vyombo vya kale, yote ya udongo, iliyofinyangwa na wanafunzi wa zamani kwa ajili ya somo. Mbele ya kila chombo palikuwa na kadi iliyobanwa kwa pini. Kamishna alipiga magoti. Chombo chenye mkono wa kushikia, kile kile cha kwenye picha, kilikuwa kimekaa nyuma ya kadi iliyoandikwa SAA YA MAJI. Pembeni yake lilikaa bakuli lisilo na mkono, na kadi yake ilisema KIPIMO CHA NAFAKA.

Kwa hiyo Kobe alikuwa amesoma kadi, na kadi ilikuwa imekosea. Kamishna alikaribia kusimama na kushangilia. Kilichomzuia ni vumbi.

Rafu haikuwa imefutwa tangu enzi za waliofinyanga vile vyombo. Kila chombo kilikaa ndani ya duara lake safi, mahali ambapo vumbi halikuwahi kufika. Kila kimoja isipokuwa lile bakuli. Kitako chake kilikuwa chembamba, lakini duara lililolizunguka lilikuwa pana, pana kabisa, kama mtoto aliyevaa shati la baba yake. Na chombo chenye mkono, chenye kitako kipana, kilikuwa kimekanyaga vumbi. Aliziangalia kadi. Pini zilikuwa zimeota kutu na kutu imeingia kwenye karatasi. Kadi hazikuguswa. Vyombo ndivyo vilivyotolewa, na vikarudishwa, kila kimoja mahali pa mwenzake, na si zamani.

Alimtafuta Matroni, aliyeshika funguo za jengo zima kiunoni na kutembea kwa mlio. Matroni alisema ufunguo wa kabati haujatoka mkononi mwake ila mara moja wiki hii. Aliuazima yule bwana wa kalamu, siku timu zilipowasili. Alitaka kutazama vyombo. "Akarudisha na asante nyingi," Matroni aliongeza. "Nyingi kuliko ufunguo."

Hapo Kamishna alikaa chini, japo mpelelezi hakai.

Sasa alijua kila kitu, na kujua kwenyewe kulikuwa na sumu. Akisema aliyoyaona, Kobe anatoka safi. Lakini ili atoke safi ni lazima ithibitike kwamba karatasi imekosea, na karatasi ikikosea, jibu la Kobe nalo limekosea, alama zinafutwa, na Wekundu ndio wanaoingia fainali. Akinyamaza na kutetea karatasi kama alivyoshauriwa, huenda majaji wakakubali kwa kuchoka, na timu ikavuka. Na Kobe angevuka nao, akinong'onwa mpaka mwisho wa shule.

Alimkuta bado yupo kwenye benchi, anasoma lebo ya ndani ya kofia yake. Akamweleza yote mawili. Kobe akasikiliza mpaka mwisho.

"Nataka wajue sikuiba," alisema.

Halikuwa jibu refu, ila kwa mara ya pili katika siku mbili alikuwa amejibu bila kufikiri.

Kamishna aliingia mbele ya majaji na jagi la maji. Matroni alimfuata amebeba vyombo viwili kwenye trei, na wa mwisho, bila shaka, alikuwa Kobe. Mtunzi alikuwa ameketi pembeni ya meza. Alipoiona trei, alianza kukusanya kalamu zake.

Kamishna aliomba ruhusa ya kumwaga maji. Akajaza kwanza chombo chenye mkono, ambacho kadi ilikiita saa. Maji yakatulia, yakang'aa, yakakaa.

"Mheshimiwa," alisema, "saa hii imesimama."

Kisha akajaza bakuli, ambalo kadi ililiita kipimo cha nafaka, akaliinua juu. Kutoka kwenye tundu dogo la kitako, ambalo hakuna aliyelitazama kwa miaka mingi, maji yakaanza kushuka, tone kwa tone, kwa utulivu mkubwa, juu ya viatu vya Mtunzi wa Maswali. Kocha wa Wekundu alisema neno moja. Mkalimani akasema, "Anasema sasa ameridhika."

Jaji Mkuu hakucheka. Alisema maji yamethibitisha kwamba karatasi imekosea, jambo ambalo yeye alilishuku tangu jana, na kwamba hilo linamzidishia mtoto mashaka. Nani anathibitisha kwamba alisoma kabati na si karatasi?

"Liulize kabati, mheshimiwa."

Jaji Mkuu akamtuma mkalimani koridoni akasimame mbele ya kioo, mlango ukiachwa wazi. Kobe akaambiwa aseme kilichoandikwa kwenye kadi zote.

Alianza. Taa ya mafuta, mfano, umetengenezwa na kidato cha pili. Akanyamaza. Kamishna alitazama saa ya ukutani na kutamani kumpiga kofi la mgongoni, kama redio iliyokwama. Jiwe la kusagia. Akanyamaza. Muhuri wa mfalme asiyejulikana. Saa ya maji. Kipimo cha nafaka. Mkalimani kila mara alirudisha kutoka mbali neno moja, ndiyo. Jikoni zilisikika sahani. Mtu alikuwa anautafuta uzi wa kengele. "Halafu chini kulia," Kobe alisema, "kwa herufi ndogo, usiegemee kioo, na hapo mbele mtu amekwangua neno la matusi." Koridoni nyayo zilisogea karibu na kioo. Kisha mkalimani, kwa sauti ya kubembeleza watoto, akasema ndiyo, neno lenyewe lipo.

Kengele ililia. Jaji Mkuu aliinua mkono kuizuia, kana kwamba inamwona.

"Bado moja," alisema. "Kabati lilikosea, mtoto akafuata kabati. Karatasi yetu ilimfuata nani? Maswali yote yalifungwa kabla hatujaja hapa."

"Naomba picha ile iwekwe mezani," Kamishna alisema. "Na naomba radhi, mheshimiwa, uinue kiwiko."

Jaji Mkuu alishangaa, akainua. Chini ya kiwiko na chini ya faili, kwenye kitambaa cha mirabamiraba ya buluu, palikuwa na alama ya kuungua yenye umbo la pasi, ambayo Kamishna aliiona ncha yake asubuhi, faili liliposogezwa. Kwenye picha, nyuma ya chombo, palikuwa na mirabamiraba ya buluu, na kwenye ukingo wake, pua ya pasi. Majaji walikuwa wameegemea ushahidi tangu asubuhi.

Hakuna aliyemtazama Mtunzi, na labda ndiyo sababu alisema mwenyewe. Picha aliyokuja nayo ilikuwa imeshatumika mwaka uliopita, na aligundua hilo akiwa ameshafika. Alitoa vyombo viwili, akavipiga picha hapa mezani, akachagua kilichopendeza, akavirudisha kwa haraka. Kisha akasoma kadi iliyokuwa mbele ya kile alichokichagua na kuandika jibu. Kulikuwa na muda wa kukiri tangu malalamiko yalipokuja, lakini kila alipotaka kusimama alikumbuka kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe, kwamba anayegusa maswali baada ya kufungwa hufukuzwa. Alisema hakukusudia mtoto aumie. Jaji Mkuu akamwambia angojee nje, na aache ufunguo wowote alio nao.

Uamuzi ulisomwa ukumbini kabla ya chakula. Jina la Kobe lilikuwa safi na hakuna barua itakayoandikwa. Jibu lake lilikuwa limekosea, alama zilifutwa, na Wekundu ndio wanaokwenda fainali. Wakijani walisikiliza kwa nyuso za watu wanaopongezwa kwa kufiwa. Nahodha alipita mbele ya Kamishna, begi kifuani. Baada ya kufika mlangoni akarudi, akampa Kobe biskuti moja, iliyong'atwa kidogo pembeni, akaondoka.

Wakati fainali inaendelea na makofi yanasikika kwa mbali, Kamishna alimkuta ndugu yake mwisho wa korido. Matroni alikuwa amemwachia bakuli na ndoo. Kobe alikuwa amelitundika bakuli kwa kamba kwenye mpini wa fagio kati ya viti viwili na kulijaza maji, na sasa alikuwa anayatazama yakidondoka.

"Mdogo wangu," Kamishna alisema, "asubuhi nilipekua na begi lako."

"Najua. Uliacha nguo zimekunjwa." Hakugeuka. "Niazime saa yako, dada."

Akaivua, akampa. Wakakaa sakafuni, migongo kwenye kioo walichokatazwa kukiegemea, wakangoja. Tone likaanguka. Muda mrefu ukapita, tone lingine likaanguka. Mwishowe bakuli lilikauka, na Kobe akatazama saa ya mkononi, akatazama mistari ya kupimia iliyochorwa ndani ya bakuli, akatazama tena.

"Inachelewa," alisema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.